Mashahidi Ishirini na Watatu

Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, aliusoma mstari ule miwani ya kazi ikiwa bado kichwani. Kwenye mti wa ukoo mtandaoni, ule ambao kila ndugu huongeza anachokijua, chini ya jina la bibi yake mzaa mama palikuwa pameandikwa: "Aliwachoma wenzake kwa mabosi kwenye mgomo wa kiwanda cha nguo. Wakafukuzwa, yeye akabaki kazini." Ndugu ishirini na watatu wamethibitisha.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi mti ungechapwa kuwa kitabu.

Alimpigia binamu yake, msimamizi wa mti. Binamu akajibu kwa sauti ya ofisini kwamba watu ishirini na watatu si mchezo, na bila chanzo hafuti hata nukta.

"Na wao chanzo chao nini?"

"Dada, kila mmoja kaweka chake. Soma."

Akasoma, akapiga simu, mashine ikapoa, wateja wakanuna. Shangazi kaambiwa na mkwewe, mkwe kaambiwa na mjomba; mjomba na wengine wote walitaja kijitabu cha kumbukumbu alichotunga baba mdogo, yule asiyekosa neno harusini wala msibani. Cheche akamuuliza habari ile kaitoa wapi. Mzee akakohoa, akapiga chenga mbili tatu, mwisho akasema:

"Mwanangu, si kwenye huo mti wenu?"

Cheche alicheka mpaka akakaa chini. Mti umenukuu kijitabu, kijitabu kimenukuu mti! Ndivyo walivyosemwa wavuja jasho tangu zamani: uongo mmoja ukipata midomo ya kutosha, unapewa kiti sebuleni. Lakini kubomoa si kujenga. Akiishia hapo binamu ataandika "haijulikani", na doa litabaki palepale.

Ijumaa asubuhi alikuwa stoo ya chama cha wafanyakazi, katikati ya maboksi yanayonuka ukungu. Karani mstaafu aliyeyatunza alimpa glavu na onyo: asilambe kidole kufunua kurasa. Boksi la tisa likatoa orodha ya waliofukuzwa siku ya pili ya mgomo. Kidole kikashuka. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, bibi.

"Majina hufanana, binti yangu," karani akasema. "Una kingine?"

Alikuwa nacho: kitambulisho cha kiwanda alichoachiwa na mama, kona zimeliwa na panya. Wakasoma namba kwa zamu, tarakimu moja moja, karani kwenye orodha, yeye kwenye kitambulisho. Sita. Sifuri. Mbili. Mbili. Saba. Moyo ulimdunda utadhani anafukuzwa yeye.

"Alifukuzwa, mzee wangu," akasema, meno yote nje. Karani akakiri hajapata kuona mtu akisherehekea jamaa yake kutimuliwa kazi.

Picha za orodha na kitambulisho zikaenda kwa binamu. Kisha simu ikalia, na sauti ya ofisini haikuwepo tena.

"Dada, nimefuta. Sasa niandike aliongoza mgomo? Mama yako si alikuwa akisema hivyo?"

Cheche alilitamani neno lile kama maji ya kiangazi. Akaitazama orodha. Haikulisema.

"Andika alifukuzwa siku ya pili. Weka picha zote mbili."

"Na kuongoza?"

Karani alikuwa ameshaanza kuliburuta boksi la kumi.

"Usikifunge kitabu kabla ya kesho," Cheche akasema, akavuta glavu vizuri.