Nusu Lita ya Nassibu

Siku ya Jumanne, Mauwa, mhudumu wa hospitali, alifua vitambaa vya kufutia damu vya chumba cha upasuaji, akavichemsha, akavianika nyuma ya jengo pale Temeke. Vipya havikuwa vikija mwaka ule, hivyo vya zamani vilifuliwa mpaka vikalainika kama kanga kuukuu. Kufika saa saba vilikuwa vyeupe pe, vikavu kabisa, na kamba ikakatika.

Akavipeleka kwenye mizani ya watoto wachanga. Juzi vilikuwa robo kilo. Leo, kilo mbili unusu.

Asubuhi vilikuwa vimefuta damu ya Nassibu, kuli wa bandarini aliyeangukiwa na robota la katani, akavunjika paja. Daktari Albano hukadiria damu kwa jicho, na kwa jicho lake kila mtu, awe wa kidole au wa paja, hupoteza nusu lita. Ikizidi hapo lazima mgonjwa aombewe damu, na kuomba damu kuna fomu tatu.

Mauwa akamfuata na beseni.

“Ndugu Daktari, huyu kapoteza zaidi ya lita mbili. Aongezewe.”

Daktari akainua kitambaa kimoja kwa mikono miwili.

“Kizito kweli,” akakubali. “Lakini faili nimeshafunga, Bi Mauwa.”

“Si ulifungue?”

“Nikifungua hili, nitayafungua yote.”

Nassibu alikata roho alasiri, akiomba maji, mkewe Zuena akimpepea kwa ncha ya kanga. Mauwa alilia bila kujificha. Alimpenda yule kuli kwa vile alivyomwamkia, siku ya kwanza tu, kama anamwamkia mama yake.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, watu wanne waliinua jeneza nyumbani kwa marehemu, wakatazamana.

“Huyu si kaka yangu,” alisema Mfaume. “Kaka alikuwa mzito.”

Ndipo Mauwa akaingia na beseni kichwani, shingo ikimtetemeka.

“Kilichobaki ni hiki,” akamwambia Zuena.

Damu ya mtu huzikwa naye. Wakavipanga vitambaa kando ya sanda, wakainua tena, na mabega yakazama. Ikabidi waitwe wawili zaidi.

“Sasa ndiye,” alisema Zuena mlangoni. “Nendeni naye.”

Alhamisi alipasuliwa bibi mmoja wa Mbagala, nyonga. Daktari akachungulia ndoo, akaandika nusu lita. Mauwa alitia sahihi kwamba vile vitambaa kumi na vinane vya Jumanne vimepotea mikononi mwake, kisha akaenda stoo kuomba kamba nene zaidi. Akapewa siku hiyohiyo, wala haikuhitaji fomu.