Kadi ya Mkate ya Bibi

Foleni ya mkate ilianzia mlangoni mwa posta, ikapita kwa kinyozi, ikaishia kwenye uzio wa shule. Kila kadi ilitoa robo mkate, na sharti mwenye kadi aje mwenyewe. Hiyo ilikuwa amri ya wageni. Ndivyo watu walivyowaita askari walioukalia mji.

Bibi yake Kijiti alifariki Jumanne kwa kichomi, akazikwa Jumatano. Alhamisi asubuhi alikuwa kwenye foleni, kadi mkononi, udongo kidogo visiginoni. Kijiti, binti wa miaka tisa aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, akasimama nyuma yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Amelia mpaka usingizi ukampitia."

"Mwache. Kadi yangu bado haijaisha. Nikalale, mkate wangu uliwe na panya?"

Karani aliitazama picha, akamtazama bibi, akapiga muhuri. Jana yake karani huyo alihudhuria mazishi yake. "Poleni na msiba," akamwambia Kijiti, kisha akakata mkate.

Bibi alimpa mjukuu wake ile robo. "Mgongo hauniumi tena," alisema. "Ningejua, ningekufa mapema." Kijiti akacheka hadi akashika mbavu, na bibi akarudi zake makaburini.

Wiki ya pili walikuja marehemu wengine: fundi cherehani, mkunga, mke wa kinyozi. Watu waliwapa nafasi kwenye foleni. Walilalamika tu pale fundi cherehani alipotaka kupenya mbele. "Kufa si kibali cha kuruka foleni, bwana," mtu mmoja alimwambia, naye akarudi nyuma.

Habari zikamfikia kamanda wa wageni. Alimuuliza mkalimani wake swali moja tu.

"Wanakula?"

"Hapana, mkuu. Mkate wanawapa watoto wao."

Jumatatu tangazo likabandikwa: marehemu wote wanyang'anywe kadi, waripoti stesheni kutandika reli. Reli hiyo ilikuwa ya kusafirishia nafaka ya mji kwenda nchi ya wageni.

Mama alimshika Kijiti mkono wakakimbia hadi stesheni. Bibi alikuwa ameshabebeshwa taruma, gogo la kulazia reli, begani, yeye upande mmoja, mkunga upande wa pili.

"Mama, kataa!" alisema mama yake Kijiti. "Watakufanya nini? Umeshakufa!"

"Wamesema nikikataa, atashika nafasi yangu huyu." Bibi alimwelekeza Kijiti kwa kidevu. "Nipisheni, mwanangu. Mzigo ni mzito."

Marehemu hawakuchoka wala hawakuugua, kwa hiyo hawakupewa mapumziko. Reli ilikamilika kwa wiki tano. Treni ya kwanza ilipita na mabehewa ishirini ya nafaka, na watu wakaitazama wakiwa kando ya njia, matumbo matupu. Nyuma yake marehemu walipanga mstari, sepetu mabegani, wakaelekea mji wa jirani, ambako reli nyingine ilikuwa inaanza. Bibi alipita karibu. Alitaka kusimama, askari akamsukuma, akaendelea.

Mama alichuchumaa, akamfunga Kijiti kifungo cha shingoni. Mama alikuwa amekonda.

"Nisikilize. Ukifa, usiamke. Hata ukinisikia nakuita."

"Na wewe je?"

"Mimi nitajitahidi."

"Sawa, mama," alisema Kijiti, na wakaondoka kurudi nyumbani kabla askari hawajafunga barabara kwa usiku.