Gari la Binti wa Mwalimu

Stoil Karadzhov alikuwa amefundisha udereva nusu ya mji wetu, na nusu iliyobaki alikuwa na maneno nayo. Angeweza kusimama nje ya duka la mikate, akasikia gari linapanda mlima wa kanisa, na bila kugeuza shingo akakuambia ni nani anaendesha na kwamba bado analaza mguu kwenye klachi kama alivyokatazwa zamani. Watu walimcheka, lakini mguu waliutoa.

Magari ya otomatiki hakuyahesabu kuwa magari. Aliyaita majokofu. "Unaliwasha, linanguruma lenyewe, wewe umekaa tu," alikuwa akisema. "Dereva wa nini sasa? Tia kabichi ndani ufunge mlango." Hapo alikuwa akicheka kuliko wote.

Stoil hakumfundisha mwenyewe binti yake wa pekee, Nevena. Mganga hajigangi, na walimu wote wa udereva wa kwetu wanajua kwamba ukimfundisha mwanao kuendesha, mtarudi nyumbani hamsemeshani. Kwa hiyo Nevena alipopata kazi kwenye duka la dawa kule mjini Plovdiv, akajiandikisha shule ya udereva hukohuko. Akafeli mtihani. Akarudia, akafeli tena. Mara zote mbili gari lilimzimikia kwenye mwinuko, magari ya nyuma yakampigia honi, na mtahini akaandika kitu bila hata kumtazama. Mwalimu wake, mtu wa huruma, akamshauri afanye kwa otomatiki. Akapita bila kutoka jasho. Ila leseni ya namna hiyo ina tarakimu ndogo nyuma yake, na maana yake ni kwamba gari la gia huruhusiwi kuliendesha. Polisi akikukuta nalo, ni sawa na asiye na leseni.

Akampigia baba yake simu. "Baba, nimepita," alisema, na hakudanganya. Alingoja tu swali ambalo mzee hakuuliza, maana halingemjia kichwani hata angekaa mwaka mzima. Upande wa pili akasikia mtu anapenga kamasi, kisha mlango unafunguliwa na baba yake anawatangazia majirani. Tangu siku hiyo aibu ilihamia kwa Nevena na godoro lake.

Ikaja siku ya kununua gari. Pesa zilikuwa za Nevena mwenyewe, za kusimama nyuma ya kaunta na kujinyima, na mtaa mzima ulijua, kwa sababu mama yake, Donka, hakuwa na siri. Jumapili asubuhi baba na binti wakapanda basi kwenda soko la magari. Walikwenda kwa basi makusudi, ili Nevena arudi anaendesha. Njiani alijiapiza kwamba atasema kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Akajaribu. Kwenye safu ya tatu alisimama mbele ya gari dogo jeupe, safi, la otomatiki. Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda.

"Baba, hili je?"

Stoil akainama, akachungulia dirishani, akaona. "Jokofu hilo."

"Jokofu zuri, mzee," alisema muuzaji. "Lilikuwa la mama mmoja, daktari wa meno. Alikuwa akienda nalo kanisani tu."

"Basi liende tena likatubu."

"Siku hizi watu wanayapenda, baba," alisema Nevena. "Foleni za Plovdiv unazijua. Mguu unachoka."

"Mguu wa nani? Wa mtoto wangu?" Stoil akamgeukia muuzaji kana kwamba ndiye aliyeitukana familia. "Huyu unayemwona amepita mtihani mara ya kwanza. Mara ya kwanza, unanisikia?"

Hakuna aliyemwambia mara ya kwanza. Alijijazia mwenyewe, kama baba anavyojaza. Nevena akafungua mdomo.

"Damu haipotei," alisema muuzaji, akatema ganda. "Hongera, binti."

Nevena akafunga mdomo. Uso ulimwaka mpaka masikioni, na baba yake alipouona alidhani ni unyenyekevu, akampiga kofi dogo la bega kwa furaha.

Gari lao wakalikuta karibu na uzio: dogo, la bluu, la gia, mpini wake umesuguliwa na viganja vya watu mpaka unang'aa. Stoil akalizunguka mara mbili. Akaingia, akavuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akaachia klachi polepole. Gari likatetemeka na kuzimika palepale. Alifurahi kama mtu aliyejibiwa salamu.

"Umeona? Klachi ikichoka, hapo injini ingeendelea kuzunguka tu, inakudanganya. Hii haidanganyi. Ingia wewe. Kanyaga, usikie inashika wapi."

Nevena akaingia, akakanyaga.

"Inashika katikati," alisema Stoil, amefumba macho anasikiliza. "Klachi ya mtu mstaarabu. Haya, zunguka nalo uwanja huu."

"Endesha wewe, baba. Mimi nikutazame."

Stoil alidhani anaheshimiwa. Akaendesha, kofia imekaa upande, akabadili gia bila hata kichwa cha Nevena kuyumba, na aliporudi alikuwa na uso wa bwana harusi. Nani angemwambia mtu mwenye uso ule? Karatasi zikaandikwa kwa jina la Nevena, pesa zikatoka. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Huyu alikuwa amenunua gari ambalo hana ruhusa hata ya kuliondoa lilipoegeshwa.

Akasema kichwa kinamuuma. Stoil akashika usukani bila kinyongo, akaendesha njia nzima akimsimulia kila kona. Lakini kwenye kituo cha mafuta chini ya mji wetu akasimama, akashuka, akazunguka na kumfungulia mlango.

"Sasa shika wewe. Mama yako amepanga watu barabarani. Huwezi kuingia mtaani abiria ndani ya gari lako mwenyewe."

Kutoka kituoni pale mlima unaanza hapohapo. Nevena akawasha, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi, gari likaruka na kuzimika. Akawasha tena, likazimika tena, likarudi nyuma kidogo. Nyuma yao lori la maziwa likapiga honi, na dereva wake, ambaye Stoil mwenyewe alimfundisha, akatoa kichwa dirishani.

"Mwalimu, huyo mwanafunzi umemwokota wapi?"

Kisha akamtambua aliyeshika usukani. Akarudisha kichwa ndani taratibu, na honi hakuipiga tena. Nevena angependa aipige.

Mguu wa Stoil ulikuwa umekandamiza sakafu, mahali ambapo kwenye gari la kufundishia pangekuwa na breki ya mwalimu. Akanyoosha mkono, akavuta breki ya mkono mwenyewe.

"Ulifanya mtihani kwa gari gani?" Aliuliza kwa sauti aliyokuwa akiwaulizia watoto wa watu.

"Otomatiki."

"Na wa gia?"

"Nilifanya. Mara mbili."

"Ukaangukia wapi?"

"Kwenye mwinuko."

Stoil akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa ugonjwa anaoujua. Lori la maziwa likawapita, dereva wake anatazama mbele tu.

"Mwinuko ni kazi ya siku moja," alisema. "Ningekuonyesha siku moja. Ungeniambia."

"Niliona haya, baba."

"Haya kwa nani?"

"Kwako."

Mzee akavua kofia, akaiweka gotini, akaivaa tena. "Tangu asubuhi namsimulia kila mtu. Hata yule wa mbegu za alizeti. Na wewe umesimama hapo pembeni unanitazama."

Nevena aliona baba angemfokea ingekuwa nafuu. Wakabadilishana viti, na Stoil akapandisha gari mlimani vizuri kama siku zote.

Mtaani watu walikuwa wamejaa. Meza imetolewa nje, juu yake rakia, pombe kali ya plamu, jibini na sahani ya chokoleti. Donka alisimama mbele na ndoo ya shaba yenye maji na tawi la ua la jerani, tayari kuyamwaga mbele ya magurudumu ili safari zote za gari hilo ziende kama maji. Kando yake alikuwa Bi Pena wa nyumba ya mkabala, mwanamke ambaye hajawahi kupitwa na jambo.

Stoil akashuka kwa mlango wa dereva. Vicheko vikapungua.

"Mbona umeshika wewe?" aliuliza Donka.

Nevena alikuwa ameshafungua mlango wake, maneno yakiwa mdomoni. Baba yake akamtangulia.

"Nimelipenda hili," alisema Stoil. "Nitabaki nalo mimi. Nevena atatafuta jingine."

"Kwa pesa za nani umelinunua?" aliuliza Bi Pena.

"Zake."

Mzee huyu hakuwahi kudanganya hata kwa jambo dogo kama kuomba chumvi. Na kama watu wote wasiozoea uongo, alipoanza alidanganya kupita kiasi.

"Huna haya, Stoil?" alisema Bi Pena. "Mtoto anasimama kaunta mpaka miguu inavimba, anakula mkate na mtindi, halafu wewe unakuja kumpokonya? Uzee ndio umekupanda kichwani hivi?"

"Labda," alisema Stoil.

"Labda! Anasema labda."

Donka akaiweka ndoo chini, mbali na gari. Alimtazama mumewe kama mtu anayemtafuta mtu mwingine ndani yake.

"Si kweli," alisema Nevena. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. "Si kweli. Mimi ndiye siwezi kuliendesha. Leseni yangu ni ya otomatiki. Wa gia nilifeli, mara mbili."

Alidhani ardhi itapasuka. Badala yake Bi Pena akaja akamkumbatia, kichwa chake akakibana kwenye kifua kilichonuka vitunguu.

"Mnasikia?" aliwaambia watu juu ya kichwa hicho. "Mnausikia moyo wa mtoto huyu? Ati binti wa Stoil amefeli gia. Maskini, hata uongo hajui kuupika."

"Kweli, Bi Pena. Nilifeli."

"Nyamaza, mwanangu. Usijivue nguo kwa ajili ya mtu aliyekuibia koti."

"Bibi yake alikuwa hivihivi," alisema Donka, anafuta macho kwa aproni. "Anamsitiri kila mtu."

Leseni ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Angeitoa, akaigeuza, tarakimu ile ndogo ingemaliza maneno yote. Aliigusa kwa vidole. Lakini watu wale walikuwa wanamtazama kwa namna ambayo hawajawahi kumtazama, kwa mapenzi hasa, na kilemba cha ukoka nacho kumbe kina joto lake. Akamtazama baba yake. Stoil akatikisa kichwa kidogo sana, anamkataza. Nevena alijua angeweza kumkaidi, alikuwa amemkaidi mara nyingi kwa mambo madogo kuliko hilo. Mkono ukatoka mfukoni mtupu.

Bi Pena akamimina rakia. Kwetu glasi hazigonganishwi bila kuangaliana machoni; ukikwepa, ni kama humtakii mwenzako heri. Wakaja kwa Nevena mmoja mmoja, wakagonga glasi yake, wakamtazama machoni, wakamwambia Mungu atamlipa kwa njia nyingine. Kwa Stoil hakwenda mtu. Alisimama karibu na boneti ameshika glasi yake iliyojaa, na watu walipita pembeni yake wakifuata jibini.

Mwishowe alikuja mwenyewe. Akasimama mbele ya binti yake, akainua glasi.

"Kwa afya, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Liwe la heri."

Nevena akainua yake, zikagongana. Macho aliyaacha kwenye viatu vya baba yake. Stoil akangoja kidogo, kisha akanywa.