Jioni Niliyokataa Kusema Amina

Mume wangu, Evariste, alikuwa na kazi ya kupanga mawe. Kampuni iliyotafuta shaba karibu na Nchelenge ilitoboa ardhi na kutoa miamba mirefu, myembamba kama mpini wa jembe. Evariste aliipanga kwenye masanduku, akailamba ili rangi ionekane vizuri, kisha akaandika alichokiona. Alirudi nyumbani na ulimi wa kijivu, nami nilimcheka.

Baada ya miaka ya masomo ya jioni pale misheni, alikubaliwa kwenda Kitwe kusomea miamba. Basi lilikuwa la Jumatatu. Jumamosi alirudi na habari. Mkubwa wao alikuwa amewaambia kwamba Kitwe imeletewa kompyuta, mashini kubwa kama kabati, inayomeza kadi zenye matundu na kusema shaba iko wapi. Wenzake walimtania kwamba atafika darasani akute mwalimu ni kabati. Alipofika nyumbani alikuwa ameshaamua: haendi, atanunua nyavu sokoni Kashikishi, awe mvuvi.

Kwetu chakula hakiguswi mpaka mmoja aombe na mwingine aitikie. Evariste akafumba macho, akashukuru kwa samaki na bukari, ugali wetu, kisha akamwomba Mungu aiharibu ile mashini.

Nikanyamaza.

Akafungua jicho moja. "Mama Mwaka, bukari inapoa."

"Ipoe. Mi siitikii ile sala. Ile mashini iko na watu wanaoihudumia, na wale watu wako na watoto."

Akajaribu tena: basi Mungu aicheleweshe kidogo tu. Nikaendelea kutazama samaki. Mwishowe nikamuuliza wanaotoboa zile kadi wanafuata nini. Maandishi ya miamba, akasema. Ya nani? Akakuna kidevu. Ya watu kama yeye.

"Na siku itakapojifunza kutazama yenyewe?" akaniuliza.

Hilo sikulijua, na nilimwambia hivyo. "Lakini Baba Mwaka, wewe umejifunza kusoma ukiwa na mvi. Leo unaogopa kabati?"

Alicheka, ingawa macho yake yalikuwa na maji. Kisha akasali polepole, Mungu ampe akili ya kuiuliza ile mashini maswali, na ujasiri wa kubisha itakapokosea.

"Amina," nikasema.

Tukala bukari iliyokwisha kuwa ngumu. Baadaye aliniomba nimfungie samaki wakavu wa safari, wengi, wamtoshe yeye na yeyote atakayemkuta akiilisha mashini kadi.