Bwana Papara Hutoka Shimoni

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama kila mwezi, gari la sinema liliingia mgodi wa Nyamalele, upande wa Geita, likiwa na vumbi hadi kwenye vioo. Thobias, msemaji wa sinema, aliteremka, akaomba maji ya kunywa, kisha akafunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili nyuma ya stoo. Hapakuwa na mahali pengine tambarare. Zamani kidogo palikuwa na shimo la dhahabu pale. Kampuni ililifukia na kulisawazisha mwaka 1952, mara tu baada ya picha kupigwa.

Picha yenyewe ilikuwa ya kuwafundisha wachimbaji kujihadhari na ajali. Haikuwa na sauti, kwa hiyo Thobias aliisemea kwa kipaza sauti. Shujaa wake aliitwa Bwana Papara. Alivaa buti moja, aliwavulia mbuzi kofia kila alipokutana nao, na alivuta kiko kwa muda mrefu kabla ya kukumbuka kwamba hakutia tumbaku. Papara alisimama chini ya ndoo ya kupandishia mawe, mahali palipokatazwa. Kamba ikakatika, ndoo ikamsomba, wakaingia shimoni pamoja. Halafu Papara alitoka shimoni, akakung'uta suruali, akawavulia kofia watazamaji.

Watu walimpenda kupita kiasi. Watoto walifunga tambara mguu mmoja ili wachechemee kama yeye. Wachimbaji waliotoka Bukoba na Kigoma, ambao hawakupatana hata juu ya kupika ugali, walipatana juu ya Papara.

Kabla ya kuwa Papara alikuwa Nkwabi, mume wa Paskazia. Aliwavulia mbuzi kofia ili binti yao Zipora acheke, na msimamizi mmoja alimwona akifanya hivyo, akasema huyu anafaa. Sehemu ya kutoka shimoni ilipigwa asubuhi, kwa sababu jua lilikuwa zuri. Sehemu ya ndoo ilipigwa mchana, na kamba ilikatika kweli.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa zizini, anakozikwa mkuu wa kaya, na ngozi ya fahali ya kumfungia ilikuwa imekauka ukutani. Maiti ndiyo iliyokosekana. Bila maziko Paskazia hakunyoa nywele, na bila kunyoa msiba haukwisha. Kwa hiyo alikwenda ofisini kila mwezi kuomba shimo lifunguliwe, na karani Ignas alimpokea kwa adabu.

"Mama Zipora, Jumamosi ulikuja sinema?"

"Nilikuja."

"Mumeo uliona anaingia shimoni?"

"Niliona."

"Na kutoka je, alitoka?"

"Alitoka."

"Sasa Bwana Meneja afungue shimo amtafute nani?"

Lakini Jumamosi ile gari lilipoingia na vumbi, picha ilipokwisha, Papara hakuondoka na mwanga. Alishuka kwenye shuka, akakung'uta suruali, akamfuata Paskazia nyumbani. Alikuwa wa kijivu mwili mzima, kama alivyo kwenye sinema. Zipora alimpa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Akaigeuzageuza mkononi, akamrudishia, kwani hakuwa na tumbo la kuitia. Kisha aliingia zizini, akawavulia mbuzi kofia, akajilaza kaburini. Upepo ulipovuma ulimwinua akatoka.

Mageni, kaka mkubwa wa Nkwabi, alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye buti. "Huyu ni picha tu," alisema. "Hazikiki. Mwenyewe yuko kulekule."

Papara alikuwa akichezesha midomo. Paskazia akatuma watu wamwite Thobias, maana yeye ndiye aliyekuwa sauti yake.

Thobias alichuchumaa mbele yake. "Ndugu watazamaji," alianza, kwa mazoea, kisha akaitazama ile midomo.

"Anasema nini?" aliuliza Paskazia.

"Anasema ndoo imembana mguu."

"Na nini tena?"

Thobias alifuta jasho. "Anasema mmemkalia. Anasema kila mkicheka anasikia uzito."

Asubuhi Paskazia alipeleka maneno hayo ofisini. Ignas aliyasikiliza yote, akajibu kwamba mtu anayesema hajafa.

Mwezi uliofuata Papara alikuwa bado zizini, na kwenye shuka mbuzi walipita peke yao. Ndoo ilianguka, haikumwangukia mtu. Watu walipiga miluzi. Baadaye wakaja nyumbani kwa Paskazia, wengi, na watoto mabegani.

"Mayu, shikamoo," alisema mchimbaji mmoja aliyetoka Bukoba, akimwita mama kwa lugha ya pale. "Turudishie Papara wetu. Watoto wanalia."

"Marahaba. Nanyi nirudishieni Nkwabi."

Yule mtu aliwageukia wenzake, kisha akamgeukia yeye. Aliuliza kwa upole, bila ubaya wowote.

"Nkwabi ndiye nani?"

Papara alikuwa amesikia watoto wakilia. Alivaa kofia vizuri, akampita mkewe, akatangulia njia ya mgodini akichechemea. Watu wakamfuata wakishangilia, na Paskazia akaenda nyuma yao, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kumwona.

Kabla ya kuwasha mashine Thobias alishika kipaza sauti. "Ndugu watazamaji, mtu yuko chini ya hapo mlipokaa. Ameomba msimkalie."

Hakuna aliyebisha. Habari ilikuwa imeshaenea. Walisimama wakabeba vigoda vyao, wakasogea huku na huku, wakiulizana alipo kichwa na ilipo miguu, hadi wakaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Hapo inatosha, mayu?" aliuliza yule wa Bukoba.

 Paskazia alikaa kando ya ile nafasi, nywele zikiwa zimemfika mabegani. Mashine ikawashwa. Papara akarudi kwenye shuka, akamvulia kofia mbuzi wa kwanza, na watu, wakiwa wameketi vizuri pande zote, wakaanza kucheka.