Sauti ya Pralhad

Bi Lobo wa ghorofa ya chini anasema kaka yangu Pralhad aliiaibisha harusi yake mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Anasema maua yalikuwa bado kichwani, bibi harusi kainamisha uso, wanawake wakapiga kelele, "Mtaje! Mtaje mkeo kwa shairi!" kama desturi ilivyo, na Pralhad akafungua kinywa akataja jina la mwanamume. Tena si mwanamume yeyote. Akamtaja Zarir. Anasema baba wa bibi harusi alianguka palepale kama gunia, wajomba wakavua viatu wakampiga navyo bwana harusi, na binti wa watu akapakiwa garini akarudishwa kwao, hina mikononi haijakauka.

"Wewe ulikuwepo, Bi Lobo?" nikamwuliza.

"Mimi? Nitakwendaje na magoti haya? Kanieleza muuza maziwa. Yeye ni wa kijiji kilekile, na muuza maziwa yule hadanganyi."

"Maziwa yake nusu maji."

"Maji ni maji, mwanangu. Habari ni habari."

Ningeiacha habari ile palepale ngazini, lakini Bi Lobo ana sauti ya kengele ya kanisa lake, na mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa wazi. Zarir alishuka na mswaki mdomoni, povu hadi kidevuni.

"Rudia, Bi Lobo. Anza mwanzo."

Bi Lobo akarudia. Safari hii wajomba walikuwa wengi zaidi, na mmoja alikuwa na fimbo. Zarir alitema povu kwenye chungu cha maua cha watu, akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Hajaoa," akaniambia. "Sugandha dada, umesikia? Hajaoa! Atarudi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu Pralhad aondoke. Ndiyo maana sikumkumbusha kwamba habari imetoka kwa muuza maziwa.

Mimi huwapikia watu wa ghorofa ya tatu. Walikuwa watatu: Zarir, Imtiaz na Pralhad. Ni wanaume wanaopenda wanaume, ila wao kwa wao hawakupendana kwa namna hiyo. Walikuwa marafiki, wa kugombania sabuni na kununiana kwa sababu mtu kamaliza achari. Kila mwaka mbalamwezi ya mwezi wa Shravan ikikamilika, niliwafunga uzi mikononi, na ukishamfunga mtu uzi huo ni kaka yako, hakuna wa kukuuliza mmezaliwa wapi.

Zarir ndiye aliyeleta wazo la sinema. Alisema amechoka kuona watu kama wao wakiwekwa kwenye sinema ili wafe, au wapite mbio na khanga watu wawacheke. "Nataka ya mapenzi na vichekesho," akasema. "Asife mtu. Watu wapendane, waachane, warudi nyumbani wakute rafiki zao wamewawekea chakula. Basi." Wakaicheza wenyewe, humo humo ndani, kwa majina yao wenyewe maana Imtiaz alisema yeye akiitwa jina jingine haitiki. Mimi nilipiga pasi mashati na kupika biringanya zilizoliwa mbele ya kamera, zikapikwa tena, zikaliwa tena, mpaka Imtiaz akaapa hatagusa biringanya hadi kaburini.

Sehemu iliyotuchekesha kuliko zote ilikuwa ya jikoni. Marafiki wanafanya mzaha wa harusi, na kila mmoja anadaiwa amtaje mpenzi wake kwa shairi, kama maharusi wetu wanavyodaiwa. Pralhad hana mpenzi. Amevaa miwani mikubwa na masharubu ya bandia, kashika sufuria. Anatafuta, anatafuta, kisha anamgeukia Zarir anayeosha vyombo:

*Maji ya moto jikoni, chai nimeshaitia,*
*Zarir akiwa nyumbani, hata njaa nasifia.*

Shairi alilitunga mwenyewe, papo hapo. Kwenye hilo neno njaa sauti yake ilipanda kidogo, ikakaribia kukatika, na aliyeshika kamera alicheka picha ikatikisika. Wakaiacha hivyo hivyo.

Lakini treni zinapita chini ya dirisha letu. Sauti iliyonaswa siku zile haikufaa kitu. Kwa hiyo ikawa kama sinema nyingi za huku: baadaye kila mchezaji anaingia kwenye chumba kilichozibwa, anautazama mdomo wake kwenye kioo cha sinema, na kuyasema maneno yake upya. Zarir akatia yake. Imtiaz akatia yake. Zamu ya Pralhad haijafika, mjomba wake akaja kumchukua, mama yu mahututi. Mama hakuwa mahututi. Kulikuwa na mchumba.

Walimjaribu mtu mwingine, mtu wa kazi hiyo hiyo, anayejua kulia kama simba na kufoka kama mama mkwe. Maneno yalilingana na mdomo barabara. Tulikaa tukatazama, hakuna aliyecheka. Imtiaz akasema, "Huyu si Pralhad. Huyu ni Pralhad kapandwa na pepo la mtangazaji wa redio." Zarir akazima mashine. Wenye chumba walikuwa wamewaazima mpaka kabla ya sikukuu ya Holi tu, na tamasha la filamu walikotaka kuipeleka nalo halingemngoja mtu. Bila sauti ya Pralhad, Zarir alisema, hana sinema. Ana picha za mtu anayefumbua mdomo kama samaki.

Ndipo, siku ile ya habari ya Bi Lobo, akanituma kijijini. Yeye hawezi kukanyaga kule, mjomba anamjua. "Wewe ni dada yake," akasema. "Dada haulizwi mlangoni. Mwambie Jumapili. Asubuhi aingie chumbani, jioni aende anakotaka."

"Na kama Bi Lobo kaongopa?"

"Usinipigie simu, dada. Wewe njoo naye tu."

Imtiaz alinisindikiza kituo cha mabasi, kanifungia mikate ya kula njiani. "Ukifika," akasema, "mwambie huyo shoga yangu kwamba shati lake la bluu ninalivaa mimi, na linanipendeza kuliko yeye. Atakuja kwa hasira."

Nilifika kijijini jua limepanda. Mlangoni kulikuwa na majani ya mwembe ya harusi, yamekauka lakini hayajaondolewa. Nikajua kabla sijavua ndala.

Mama yake Pralhad alinishika uso kwa mikono miwili. "Wewe ndiye uliyemfunga mwanangu uzi huko mjini? Ingia, mama, ingia. Rohini! Wifi yako kaja!"

Akatoka msichana mwembamba, bangili za kijani mpaka karibu na viwiko, manjano ya harusi bado kwenye kucha. Aliniinamia miguuni kabla sijamzuia. Alinipa maji, kisha chai, kisha akakaa karibu yangu, kwenye mkeka wangu huo huo, kama mtu aliyesubiri mgeni kwa muda mrefu.

"Sikuja harusini," nikasema. "Nasikia kulikuwa na mambo."

"Mambo gani?"

"Kwenye kutajana majina."

Akaficha mdomo kwa ncha ya sari. Mama mkwe akacheka. "Mwambie, mwambie! Kijiji kizima kinalisema mpaka leo. Wengine walitaja wake zao kwa shairi la bibi zao, mwanangu alitoa lake mwenyewe."

Rohini akatazama sakafu, akalisema polepole, kama mtoto anayeogopa kukosea mbele ya mwalimu:

"Maji ya moto jikoni, chai nimeshaitia, Rohini yumo nyumbani, hata njaa nasifia."

Niliinua kikombe nikanywa, ingawa kilikuwa kitupu.

"Baba yangu alicheka mpaka akapaliwa," Rohini akasema. "Ilibidi apigwe mgongoni. Wajomba wakamtupia bwana harusi mchele."

Pralhad nilimkuta nyuma, kwenye kibanda cha kuchemshia sukari guru. Alikuwa amesimama juu ya karai lile kubwa, anaengua povu la maji ya miwa kwa upawa mrefu. Mvuke ulimpiga usoni. Alikuwa amekonda, na masharubu aliyoyafuga safari hii yalikuwa ya kweli.

"Dada," akasema. Akaangalia nyuma yangu, mlangoni, kama kuna mtu mwingine anayekuja. Hakukuwa na mtu. "Imtiaz bado anapika wali kama anayelipiza kisasi?"

"Anavaa shati lako la bluu. Anasema linampendeza kuliko wewe."

"Mwongo mkubwa. Mabega yale! Atakuwa kama kabati limevikwa kanzu." Akacheka, halafu kicheko kikaisha chenyewe, akarudi kwenye povu.

Nikamweleza yote, chumba, Jumapili, yule mtu wa simba. Nikamwambia Zarir hasemi kitu kingine. Nikamwambia siku moja tu.

"Mwacheni huyo wa simba aseme badala yangu," akasema.

"Zarir hataki."

"Mwambie namwomba mimi."

"Kaka, hata sura yako ipo. Utaificha wapi?"

"Sura ina miwani. Ina masharubu ya gundi." Aliupiga upawa ukingoni mwa karai. "Sura naweza kuikana. Nitasema watu hufanana. Muuza maziwa wenu ni wa nyumba ile pale, unaiona? Akija mtu na simu yake akamwonyesha mama, mama atasema, siyo huyu. Atataka iwe siyo, na miwani itamsaidia. Lakini sauti? Mama ananijua nikikohoa gizani. Sasa hivi na Rohini naye analijua hilo shairi. Nikilisema humo, kwa sauti yangu, kwa jina la Zarir…"

Hakumalizia. Nami sikuwa nimeliona hilo mpaka aliposema. Njia nzima nilikuwa nimefikiri kazi ni kumpata siku moja.

"Kwa nini ulilisema lile?" nikamwuliza. "Mashairi ya harusi yapo tele. Hata mimi ninayo."

"Walikuwa wananitazama. Kichwa kitupu kabisa, dada, cheupe. Wanawake wanapiga makofi, sema, sema. Mdomo ukaenda wenyewe mahali unapopajua." Akaengua povu, akalimwaga pembeni. "Na jina lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nililishika kwa meno. Bado kidogo tu litoke."

"Bi Lobo anasema ulilitaja."

"Kweli?" Akageuka. Kwa kitambo kidogo akawa yule wa jikoni kwetu. "Halafu ikawaje?"

"Wajomba walikupiga viatu. Bibi harusi akarudi kwao."

"Na mimi?"

"Zarir anasema unarudi."

Aliliangalia karai. Maji ya miwa yalikuwa yanaanza kuwa mazito, yanapasuka polepole. Mjomba wake akaita kutoka nje kwamba moto umezidi, na Pralhad akainama kutoa kuni. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu wa pale.

"Usimwambie kwamba nimelitumia," akasema. "Shairi. Mwambie nimekataa tu. Akasirike. Hasira itapoa."

"Na sinema?"

"Ni yake. Anaijua kazi." Akanifungia bonge la sukari guru, la moto bado, kwenye jani. "La Imtiaz. Asilitie kwenye wali."

Hakunisindikiza. Alisema karai haliwezi kuachwa, na ilikuwa kweli, haliwezi.

Rohini ndiye aliyenitoa. Mama mkwe alimpa kisahani cha unga mwekundu ili anipake kipajini kituoni, mgeni asiondoke mtupu. Tulipita kando ya miwa. Alinibebea mfuko, akakataa kunirudishia. Njia nzima alikuwa anataka kusema kitu. Niliona anavyozungusha bangili moja mkononi, anaiachia, anaishika tena. Simu ililia mfukoni mwangu. Ilikuwa Imtiaz, maana Zarir hakutaka mambo ya simu. Niliiacha ikalia mpaka ikanyamaza.

Basi lilionekana mbali, vumbi kwanza. Rohini akachovya kidole kwenye unga, akanipaka kwa haraka hata unga ukaniangukia puani.

"Wifi," akasema, "siyo kwamba ananitendea vibaya. Mama yangu ameniuliza, nimemwambia hapana, ni mpole. Ananiletea maji kabla sijaomba. Ila hasemi. Anasema chumvi, mlango, mafuta ya taa. Siku ile ya harusi alisema na mimi, ulikuwa hujaja, hukusikia. Alisema kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Pale kwenye njaa ilipanda kidogo hivi." Akaweka mkono kwenye koo lake mwenyewe. "Nikafikiri, basi, nimepata mtu."

Basi likasimama. Kondakta akagonga bati, akaita jina la mji wetu.

"Wewe ni dada yake, wewe atakusikia," Rohini akasema, bado kaukumbatia mfuko wangu. "Mwombe aseme na mimi kwa sauti ile. Hata mara moja. Utamwomba, wifi?"