Tembe la Panya wa Bibi

Mume wangu Yotham hakuwa seremala. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniunguza moyo tangu siku ya kwanza, na hata leo nikilikumbuka nasonya. Alikuwa amewahi kubeba sanduku la vifaa la seremala wa misheni, mara moja, kutoka Mvumi hadi Mpwapwa. Kubeba tu! Sasa siku ile Bwana wa reli alipowapanga wanaume mstari mmoja pale Dodoma, akauliza nani fundi wa mbao, Yotham akanyoosha mkono.

"Ungefanyaje wewe?" akaniuliza aliporudi nyumbani. "Wengine wote wamepewa vikapu vya kubebea udongo wa reli. Wanapelekwa mbele, njia ya Tabora."

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimba ya kwanza aliniacha nayo akaenda kuwabebea Wajerumani mizigo, nikajifungua peke yangu kwenye shamba la uwele, na mtoto alikaa siku mbili tu. Baada ya hapo niliapa sitazaa tena bila Yotham kuwa mlangoni pangu. Kwa hiyo nilinyamaza. Kama uongo wake utambakiza Dodoma, nikasema, basi na tuupalilie.

Na mnajua alichoitiwa huyo fundi? Wenzake waliitiwa milango na madaraja. Yeye aliitiwa panya.

Bibi, mke wa Bwana, hakuwa na mtoto. Alikuja kwa meli kutoka kwao na wanyama sita ndani ya kikapu kilichofunikwa shali. Wanene, hawana mkia, wakisikia mtu anapita na majani wanapiga kelele "wiik, wiik" kama wanachinjwa. Siku hizi nasikia watu wanawaita simbilisi. Sisi tuliwaita panya wa Bibi. Hawakuwa wa kuliwa, wala hawakufukuza nyoka. Walikuwa wa kupakatwa. Kila mmoja alikuwa na jina lake la Kijerumani, na Yotham alitakiwa kuyajua yote.

Kizimba cha kwanza alikitengeneza kwa mbao za masanduku ya bia. Kilisimama kimeegemea upande mmoja. Siku ya tano mchwa walikuwa wameshapanda miguu yote minne, na mkojo wa wale wanyama ulikuwa umelowesha sakafu mpaka ikavimba, ikanuka hadi jikoni kwa Mrisho. Huyu Mrisho alikuwa mpishi wa Bwana, mtu wa pwani, kanzu safi na mdomo usiopumzika, na ndiye aliyekuwa akitutafsiria Kijerumani.

"Yotham ndugu yangu," akasema, "umejenga nyumba au umewaandalia mchwa karamu?"

Kizimba cha pili Yotham alikiwekea miguu ndani ya makopo ya maji. Mchwa wakashindwa. Lakini mbao zilikauka kwa jua letu, zikaachana, na adhuhuri moja nguchiro akapenya, akamnyakua panya mweupe mbele ya macho ya Bibi. Bibi alilia siku nzima. Bwana hakulia. Alimwita Yotham barazani, na Mrisho, safari hii bila mzaha, akatafsiri: akifa mwingine, fundi atapewa kikapu cha udongo aende Tabora na wenzake.

Yotham alirudi nyumbani akakaa kizingitini. "Na iwe tu," akasema. "Mimi nimechoka."

"Umechoka? Wewe ndiye uliyechoka? Hili tumbo nani analibeba?" Nikamwambia na maneno mengine ambayo siyarudii. Kesho yake nikajitwika mtungi wa maji, nikaenda kuwaona hao panya kwa macho yangu.

Nilikaa pale najifanya napumzika. Haikunichukua muda kujua tatizo. Kivuli cha mwewe kilipopita, walikimbilia kona moja wakalaliana, maana ndani ya sanduku hakukuwa na pa kujificha. Madume wawili walikuwa wamechanana masikio. Mbao zilikuwa za moto mpaka hazishikiki. Walikula na kukojoa papo hapo. Wanyama wale hawakutaka sanduku jamani, walitaka nyumba.

Na nyumba sisi tunaijua. Tembe letu lina kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo juu, na ndani kuna ubaridi hata jua liwake vipi. Watu wana chumba chao, ndama na mbuzi wana chao, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Miti ni kazi ya wanaume, sawa, lakini udongo ni wetu wanawake, na kusuka ni kwetu pia. Yotham angepigilia misumari mpaka kiama.

Basi nikasuka kuta nyumbani, moja moja, kwa fito za mti wa mkole, nikazibana hata kidole cha nguchiro kisipite. Asubuhi Yotham anazibeba kichwani kana kwamba ni kazi yake. Adhuhuri, Bwana na Bibi wakilala, mimi naja na mtungi, na ndani ya mtungi hamna maji, mna udongo wa kichuguu niliokwisha kuukanda. Nasiriba haraka haraka, na Mrisho kakaa barazani anamenya viazi, akisikia kitanda cha Bwana kinalia anakohoa kunionya. Tumbo halikuniruhusu kuinama, nikapiga magoti. Mgongo uliniuma mpaka nikawa natokwa na machozi ya hasira, na Yotham kasimama pembeni na nyundo. Nyundo ya nini, Mungu wangu?

"Nikusaidie nini?" ananiuliza.

"Shika hapa."

"Hapa?"

"Hapo ndipo hapa? Ondoka, nishike mwenyewe."

Sakafu niliisuka kwa fito na kuiinua juu ya mawe, mavi yadondoke chini yafagiliwe. Nikaweka vyumba vitatu, madume kila mmoja kwake. Nikapasua vibuyu nikavitoboa milango, wapate pa kuingia mwewe akipita. Maji niliwawekea kwenye kigae cha chungu, kwa sababu chombo chochote cha mti walikitafuna. Nikawatandikia nyasi kavu, halafu juu nikamwaga paa la udongo kama letu. Lilikuwa tembe kamili, refu kama mtu aliyelala, limefika kiunoni.

Bibi alipoliona alipiga magoti mavumbini na gauni lake. Tukadhani yamekwisha. Yamekwisha wapi! Kesho yake akaanza kuagiza vyombo vya ndani. Akataka pazia mlangoni. Akataka vitanda vidogo vyenye kingo. Akataka meza ya kuwekea karoti.

"Huyu ana wazimu?" nikamwuliza Mrisho.

"Ana upweke," akasema. "Vinafanana."

Mimi nalala kwenye ngozi ya ng'ombe, halafu nasuka kitanda cha panya! Nilikisuka. Pazia walilila siku ile ile, nikashona jingine. Yotham alikuwa akisema, "Tulipue kazi tu, Loisi, panya hawajui." Nikamwambia hatulipui. Fundi wa kulipua anapewa kikapu cha udongo, fundi mzuri anabaki. Kila kitu nilikifanya vizuri makusudi, kwa ajili hiyo tu. Wale watano wakazaana wakawa kumi na mmoja. Bwana akawa analeta wageni wake waje kutazama, na mume wangu akaanza kutembea na penseli nyuma ya sikio, watu wakimwita fundi naye akiitika. Nilitamani kumchapa.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Tumbo langu likashuka, bado wiki chache. Ndipo Mrisho akaniambia kisimani, "Reli imesogea mbele, na sisi tunaifuata. Bwana anahama keshokutwa, na nyumba yake yote."

Nilicheka kwa furaha, nakiri. Niliona tumeshinda. Waende na panya wao, Yotham abaki na mimi.

Mchana ule wakaletwa wanaume wanne walinyanyue tembe la panya walipeleke stesheni. Wakajifunga viuno, wakavuta. Halikutikisika. Wakavuta tena, paa likapasuka kwa kishindo na Bibi akapiga yowe. Na nani amewahi kubeba tembe? Mtu akijenga kwa udongo amekusudia kukaa. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba nawajengea watu ambao hawakai.

Bwana alilizunguka, akalipiga teke, akacheka, akasema maneno. Mrisho akatafsiri macho yake yakiwa chini.

"Bwana anasema nyumba haichukuliki. Basi atachukuliwa aliyeijenga, mke abaki. Kila kambi atajenga nyingine."

Kama ningemwacha Yotham na sanduku lake bovu la bia, lingepakiwa kwenye behewa likaenda zake, na mume wangu angebaki. Mimi ndiye niliyemng'oa mlangoni kwangu, kwa mikono yangu hii, kwa kujifanya hodari.

Sikukubali. Kesho yake, tangu kulipopambazuka, nikakaa nikasuka tenga la kubebea panya, jepesi, lenye mpini, kifuniko na vyumba ndani. Wakiwa na kinachobebeka, nikasema, wana haja gani na fundi? Vidole vilitoka damu. Mtoto alikuwa akinipiga mateke nami namwambia subiri, namtafutia baba yako njia. Alasiri lilikuwa tayari, nami nikamfuata Yotham nyuma mpaka barazani kwa Bwana.

Bibi alilipokea, akalifungua, akalifunga, akalikumbatia. Akazungumza mbio mbio. Mrisho akatafsiri.

"Anasema amefurahi mno. Anasema sasa ana nyumba ya safari, na kila wakifika atajengewa ya kukaa. Fundi kama huyu hajamwona hata kwao. Na fundi ndiye atakayelibeba kwenye treni, asiliguse mtu mwingine."

Hapo nikashindwa kujizuia. "Mwambie ni mimi! Mwambie huyu mwanamume hajui kusuka hata kifuniko cha chungu! Ukuta ni mimi, paa ni mimi, vile vitanda vya upuuzi ni mimi! Mwambie!"

Bibi alikuwa akitabasamu, akisubiri atafsiriwe. Mrisho akanisogelea, akasema polepole, "Dada, nikisema hayo, Bwana atajua amedanganywa miezi mitatu. Mumeo atakula viboko ishirini na tano, na Tabora ataenda vilevile, na kikapu cha udongo. Niseme?"

Yotham alinitazama. Penseli bado ilikuwa sikioni.

"Niseme, dada?"

"Mwambie asante," nikasema.

Jioni ile hatukulia wala hatukukumbatiana, hapakuwa na nafasi. Nilimfundisha. Siku atakayoshindwa kusuka huko aendako, ndiyo siku watakayojua, na nani atakuwepo kumkingia? Nikamkalisha na fito mbele yake. Juu ya moja, chini ya moja. Mikono yake ilikuwa mizito, fito zinakatika, nami nampiga vidole kama mtoto mdogo. "Fumua, anza tena." Asubuhi tukaendelea, mpaka Mrisho akaja kumwita. Alikuwa ameweza kusuka kipande kimoja cha ukuta, kimepinda, lakini kimeshikana.

Stesheni walimweka kwenye behewa la wazi, juu ya marobota, na lile tenga langu mapajani, panya wanapiga kelele ndani. Mimi nilisimama kwenye kokoto. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyapanga njia nzima. Nilitaka kumwambia jina la mtoto, akiwa wa kike na akiwa wa kiume. Nilitaka kumwambia kwamba uongo wake wa siku ile nimeusamehe.

Filimbi ikalia, mabehewa yakagongana yakaanza kwenda. Yotham akainama akalitazama tenga, nikaona uso wake unabadilika.

"Loisi!" akapiga kelele. "Pale ukingoni! Ukifika mwisho, zile fito zinazobaki unazifanyaje?"

Ukingo! Sikuwa nimemfundisha ukingo. Nikakimbia kando ya reli, tumbo nimelishika kwa mikono miwili.

"Unazikunja! Unapitisha nyuma ya mbili, kisha unaziingiza ndani!"

"Nyuma ya ngapi?"

"Mbili! Na uziloweshe kwanza!"

Akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa.

"Ziloweshe!" nikapiga kelele mpaka koo likauma. "Ziloweshe kwanza, zisivunjike!"

Nadhani hilo alilisikia, kwa sababu aliinua mkono. Wiki tatu baadaye nilijifungua mtoto wa kike, peke yangu, na huyu aliishi. Yotham hakurudi tena Dodoma. Jina la mwanawe hakulijua, na neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu lilikuwa la kulowesha fito.